Kakule Wawili Barabarani

Ninyi vijana wenye mnachomea vyuma leo kwenye kila avenue ya Butembo, ninawapita asubuhi nikienda kununua mikate, na ninawasikia: crrr, crrr, cheche zinaruka, na jioni remorque, trela la kuvutwa na gari, iko tayari, imepakwa rangi, inaondoka na mbao za watu. Pongezi. Kwa mwendo huo mimi ningetengeneza remorque za kuizunguka dunia nzima, na moja ya akiba. Lakini kila nikipita ninainama kidogo, na si mgongo peke yake unaoniinamisha. Ninatazama kile chuma kirefu cha upande wa kuume, pale mbele, karibu na mkono wa kuvutia. Ninatafuta namba. Mara nyingi hakuna kitu, ni rangi tu, laini kama shavu la mtoto. Hapo baridi inanishika, hata jua likiwa kali.

Basi zimeni mashine kidogo, mnisikilize.

Nilifanya kazi kwenye atelier ya Muzee Tsongo, karakana ya remorque, mpaka magoti yangu yaliponiambia wazi kwamba yenyewe yamestaafu, nikipenda nibaki kazini peke yangu. Mchana nilichomea, jioni nilisoma shule ya watu wazima, na siku nilipopata diploma atelier nzima wakaanza kuniita Ingénieur wa Jioni. "Muulizeni Ingénieur wa Jioni," walisema saa za mchana, "mais mungoje kwanza jua lizame." Remorque yangu ya kwanza ilipinda hivi kwamba kwenye kona iliwasili mbele ya gari lenye kuivuta. Muzee Tsongo aliizunguka, kisha akauliza, "Hii, mbele yake iko wapi?" Nikamwonyesha. "Bon. Na yenyewe umeiambia?"

Huyo Muzee alikuwa na heshima ya ajabu kwa remorque. Gari, alisema, lina injini, ukiliona linatembea unajua sababu. Remorque haina injini, haina usukani, haina dereva, na bado inatembea. Alituambia tusikiamini kitu kinachotembea bila sababu yake chenyewe. Ndiyo maana alitaka minyororo miwili ya akiba, ipishane chini ya mkono wa kuvutia kama vidole vya mtu anayesali, ili mkono ukichomoka uangukie juu ya minyororo, usichimbe barabara. Ninyi mnaweka mmoja, au kamba ya nailoni. Siku moja mteja wetu mmoja alikataa minyororo, akasema inapiga kelele. Remorque yake ilichomoka kilimani, tupu, ikaingia ndani ya ukungu wa Butembo, ule mzito wa kuweza kutundikia nguo. Tuliikimbilia. Tulisikia magurudumu yake tu, mbele yetu, hayakimbii, hayapunguzi. Ilikata kona. Ikapita katikati ya mama wenye kuuza vitunguu bila kugusa hata kimoja. Tuliikuta imesimama, imetulia, mbele ya duka la masanduku ya maiti. Mwenye duka alikwisha kutoka nje, na tepu ya kupimia mkononi.

"Mulete habari," akasema. "Ni mukubwa ao mutoto?"

Tulicheka kesho yake. Siku ile hapana.

Sasa sheria, kwa sababu najua hakuna mtu aliyewafundisha. Remorque nyepesi, ile ya kuvutwa na jeep au pick-up, haizaliwi ovyo. Kwanza unatengeneza moja ya mfano. Unaipeleka Beni kwa bureau ya usafiri. Mkaguzi anaitazama kama baba mkwe: essieu, yaani ekseli, magurudumu, mkono wa kuvutia, minyororo, taa, yale macho mekundu ya nyuma. Akiridhika, unapata ruhusa ya kutengeneza zingine zenye kufanana na ile. Zenye kufanana, nasema! Si binamu zake. Ukibadilisha essieu, umetengeneza kitu kingine, rudi mwanzo. Na kila moja inapigwa namba ndani ya chuma, kwa mfuatano, kabla ya rangi, kwa pigo moja la nyundo. Ukirudia pigo, chuma cha namba kinaruka kidogo na tarakimu inapata kivuli. Baadaye unaipeleka kwa mkaguzi, anaipima, anaipa plaque, kile kibao cha namba ya serikali.

"Remorque inazaliwaka mara mbili," Muzee alituambia. "Ya kwanza hapa, kwa moto. Ya pili kule, kwa bureau. Kati ya zile mbili iko sawa na mutoto mwenye hawajaita jina. Musimutembeze."

Na majina alizipa kweli. Ninyi ni Wanande, hamhitaji nifafanue, lakini nafafanua kwa ajili ya wageni. Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa: wa kwanza Paluku, anafuata Kambale, halafu Kasereka, halafu Kakule, halafu Katembo. Mtoto akifa, zamu yake inabaki yake. Anayezaliwa nyuma yake hachukui jina lile, anachukua linalofuata. Muzee Tsongo aliziita remorque zake vivyo hivyo, akachora jina nyuma kwa herufi nyekundu kubwa, kiasi kwamba hata kipofu wa Oicha angesoma. Namba moja Paluku, namba mbili Kambale. Barabara yote ilizijua. Watu walisema, "Kasereka imepita na viazi," kama wanamsema jirani.

Namba nne, Kakule, iliondoka kabla ya kuzaliwa mara ya pili.

Ilikuwa na karatasi ya muda tu. Mkaguzi alikuwa safarini, na kakao ilikuwa inangoja Eringeti, ya wakulima waliokwisha kuikausha na waliogopa kulala nayo. Dereva wetu alikuwa Muhindo, mwanaume mrefu, mcheshi, mwenye kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya mbuzi. Mama yake alikuwa akiuza chai na mikate Beni, commune ya Ruwenzori, na sisi wote tulimwita Mama Muhindo, hata sikuwahi kujua jina lake lingine. Muhindo alituambia, "Ni kuenda na kurudi tu," akaondoka na pick-up ya atelier na Kakule nyuma yake.

Siku ile watu walikimbia barabara ile. Ninyi mnajua siku za namna ile, sina haja ya kuzipamba. Barabara ilipofunguka, pick-up ilikutwa pembeni, kwenye msitu, milango yote wazi. Haikuwa na tundu la risasi, haikuwa na damu. Muhindo hakuwepo. Remorque haikuwepo. Na ile goupille, kile kipini kinachofunga mkono wa kuvutia, kilikuwa juu ya tableau mbele ya usukani, kimefutwa mafuta, kimelazwa juu ya kitambaa. Hivyo ndivyo Muhindo alikiwekaga kila mara alipofungua remorque kwa utulivu, ili kisipotee kwenye majani.

Mama yake alipoambiwa habari ya kile kipini, alikataa kulia. "Mutu mwenye kukimbia hawezi futa goupille," akasema. "Mutoto yangu alifungua remorque na roho mutulivu. Kuko fasi alienda. Atarudia." Akakataa matanga. Akaendelea kupika chai, na kikombe kimoja alikifunika pembeni.

Mkaguzi aliporudi kutoka safari, akaja Butembo kuongeza muda wa ruhusa yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa mto mkubwa, mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye matope yetu, sijui alivipaka nini. Alikagua Paluku, Kambale, Kasereka. Akauliza, "Nne iko wapi?"

"Ilipotea ku njia ya Eringeti, shefu," Muzee akajibu. "Inayofuata itakuwa tano."

"Ilipotea? Ulileta mabaki yake? Karatasi ya mwenye aliona imeharibika?"

"Hakuna mabaki."

"Ilikuwa na plaque?"

"Hapana bado."

"Donc, Muzee, kwa serikali haiko. Haikuzaliwaka. Mufuatano hauwezi kuwa na tundu. Hii yenye iko kwa moto sasa njo namba nne."

"Ilizaliwaka, shefu. Mimi mwenyewe niliisikiaka inalia."

Tulicheka, hata mkaguzi. Muzee hakucheka. Akaeleza habari ya majina, ya zamu. Mkaguzi alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Muzee, mimi sibatizi. Mimi naandika chuma. Tundu likibaki, ruhusa inaisha leo, na batu yako yote wanaenda nyumbani." Muzee alitutazama mmoja mmoja. Tulikuwa na watoto. Akanipa nyundo.

Ilikuwa mchana mweupe. Nilisimamisha chuma cha namba nne, nikapiga pigo moja. Sauti haikutoka. Nyundo ilishuka, chuma kilishuka, na kulikuwa kimya kama nimepiga mkate. Wenzangu waliinua vichwa, kwa sababu kwenye atelier kimya ndicho kinachoshtua. Kisha sauti ikaja, nyuma ya ukuta, upande wa barabara, ting, moja, mbali kidogo. Nikainama kutazama. Tarakimu ilikuwa imeingia vizuri, na pembeni yake kulikuwa na kivuli chake, nne ya pili, hafifu, kama imepigwa na mtu aliyesimama nyuma yangu.

"Umerudia?" Muzee akaniuliza.

"Hapana."

"Paka rangi," akasema.

Basi Kakule huyo mpya, maana kwetu namba nne haina jina lingine, alipata plaque, akanunuliwa na mfanyabiashara, akatumwa njia ya Kasindi kubeba mizigo ya mpakani. Dereva wake alikuwa Dieudo, mtu wa maneno mengi. Hakumaliza majuma mengi kabla ya kuja atelier akiwa na maneno machache.

"Muzee, hii remorque yenu iko nzito tupu. Nikiwa na mizigo inakuwa nyepesi. Nikiishusha, inavuta nyuma."

"Tazama presha ya matairi."

"Nilitazama! Na ku barrière, pale batu ya jeshi wanafungaka njia, soldat alinisimamisha. 'Yaka, yaka, kuya hapa.' Anasema, juu ya nini umerudia mbio hivi? Kakule imepita hapa asubuhi, inaenda njia ya Eringeti. Mimi asubuhi nilikuwa Kasindi, naweka muhuri! Halafu anaangalia nyuma, anauliza, 'Na ule mwenye alikuwa amekaa juu ya mizigo, umemushusha wapi?'"

"Ulimujibu nini?"

"Nijibu nini, Muzee? Nilimupatia sigara."

Mfanyabiashara akasikia, akaogopa si mizimu bali faini, maana namba moja ikionekana sehemu mbili, hata polisi mvivu kuliko wote anaamka. Akaturudishia remorque, akataka nyingine. Tukaiegesha uani. Kuku wa Muzee, wenye walilala kwenye kila kitu, hata kwenye mashine ya moto, hawakulala juu yake.

Na habari zilikuwa zimekwisha kufika Ruwenzori, kwenye chai. "Mama Muhindo, Kakule ya mutoto yako imepita Kasindi." "Mama Muhindo, nimeiona Eringeti, kwa ukungu, inavutwa, gari sikuliona." Mwanzoni alishukuru. Alifunga duka, akakaa kando ya barabara siku nzima, mara upande huu wa mji, mara upande ule. Lakini siku Dieudo alipopita mbele yake, kabla remorque haijarudishwa kwetu, mama akaona jina lile jekundu, akakimbia, akashika ubao wa nyuma, na kwenye usukani akaona mtu mwingine. Dieudo aliniambia kwamba mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Samahani, papa," akaachilia.

Kutoka pale akaenda bureau kutangaza kwamba mwanawe amepotea, apate karatasi, watu waulizwe, msitu utazamwe. Wakamwuliza alipotea na nini. Akasema na remorque ya Tsongo namba nne. Wakafungua vitabu vyao. "Mama, namba nne iko na plaque, inatembea Kasindi kila siku. Haikupotea. Sasa mutoto yako alipotelea ndani ya nini?"

Mmeelewa? Kwa serikali safari ile haikuwepo. Na asiyesafiri hapotei.

Siku chache baadaye akapanda gari kuja Butembo. Aliingia atelier mchana, mvua ikiwa imefanya giza, tukazima mashine zote bila kuambiwa. Alienda moja kwa moja uani, akapitisha kiganja kwenye mkono wa kuvutia wa Kakule mpya, kwenye minyororo, kwenye ubao.

"Wavukire, mama," Muzee akamsalimu.

"Wavukire, tata. Hii haiko yake."

"Haiko yake."

"Basi itosheni jina, muliondoe. Mukifuta hii namba, wataandika kama mutoto yangu alipotea. Mimi sitafuti tena arudie, Muzee. Natafuta tu waandike alipotea, nijue kulia."

Muzee alifuta uso kwa kofia. Sheria iliyo wazi kuliko zote ni hii, muisikie vizuri: namba ikishapigwa, fundi haruhusiwi kuigusa. Anayeikata kwa tindo bila mkaguzi ni mwizi wa remorque, hata kama aliitengeneza yeye. "Kesho nitaenda Beni kupigia shefu magoti," akasema Muzee. "Nitamwambia nilikosea kukubali." Mama Muhindo akalala kwa mke wa Muzee.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, simu ya Muzee ikalia. Alikuwa mkaguzi. Muzee aliweka sauti ya nje, masikio yake yalikuwa yamekwisha kuliwa na mashine.

"Muzee, juu ya nini munaleta remorque hapa bila kunijulisha? Imefunga mulango ya bureau!"

"Remorque gani, shefu?"

"Kakule! Yenye kuwa na kakao."

Sisi wote tuligeuka kutazama uani. "Shefu," Muzee akasema polepole, "Kakule iko hapa mbele ya macho yangu."

Tukasikia mvua ya Beni ndani ya simu. Kisha mkaguzi akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa hii yenye niko nagusa ni ya nani?"

Tulishuka Beni, Mama Muhindo pamoja nasi, kwa mwendo ambao ndege wangeomba tupunguze. Ilikuwa pale kweli. Nimesikia maelezo yote, na niliyatoa mengine mimi mwenyewe: wanajeshi waliikuta msituni wakaisukuma, wakulima waliificha wakairudisha kwa woga. Inawezekana. Mlinzi wa bureau aliapa kwamba hakusikia gari. Udongo ulikuwa umelowa, laini kama unga wa kusongwa, na nyuma ya remorque hapakuwa na alama ya tairi. Ilisimama wima juu ya mguu wake wa mbele. Turubai lilikuwa limefungwa kwa mafundo ya Muhindo, yale ya kurudisha ncha ndani, yenye hakuna mwingine alikuwa na uvumilivu nayo. Chini ya turubai, magunia makavu.

Mkaguzi alikwangua tope kwenye chuma cha kuume. Nne. Safi, pigo moja, mkono wa Muzee, haina kivuli.

"Bon," akasema, na midomo yake ilikuwa myeupe. "Tuikague." Nini kingine angefanya? Mtu akishikwa na hofu anafanya kazi anayoijua. Akapima essieu. Akavuta minyororo. Tukachomeka waya wa taa kwenye gari letu, zote zikawaka, hata ya kushoto, yenye ilikuwa imekufa siku ya safari na Muhindo alisema ataitengeneza akipata nafasi njiani. Mkaguzi akasema yule wa uani atapigwa namba upya, atakuwa tano, Katembo, na yeye mwenyewe atatia saini. Halafu akatoa karatasi ya kuzaliwa mara ya pili, akaandika namba, uzito, mtengenezaji. Akafika kwenye mstari mmoja, kalamu ikasimama.

"Remorque haijileti yenyewe," akasema. "Lazima niandike: imeletwa na nani?"

Muzee akakohoa, anataka kutoa jina lake, amalize mambo. Mama Muhindo akamtangulia.

"Andika Muhindo."

Mkaguzi akamtazama. "Mama, wewe siku zile ulikuwa unataka tuandike alipotea. Sasa inawezekana. Remorque ya kwanza iko hapa, safari ilikuwako, nitakupatia karatasi leo. Mais nikiandika kama yeye njo aliileta, basi alifika. Mwenye alifika, hakuna bureau yenye itamutafuta."

"Nimesikia, shefu."

"Hautakuwa na karatasi ya kupotea. Hata kesho."

"Ni mimi nilimupa mutoto kazi ya kuenda na kurudi?" akasema mama. "Walimupa hawa. Kazi yake ilikuwa kufikisha mizigo ya batu. Angalia. Imefika, imekauka. Andika Muhindo."

Mkaguzi aliandika, jina lote, kwa herufi kubwa. Mama akamwomba asome kwa sauti, akasoma, na watu wote wa bureau walikuwa wamesimama madirishani. Kisha akapiga muhuri.

Mama Muhindo akakunja mikono ya gauni, akafungua yale mafundo moja baada ya lingine bila kukata kamba. Akageuka kwetu, sisi wote tukiwa tumesimama kama nguzo.

"Muko munangoja nini?" akasema. "Mushushe. Hii kakao iko na benyewe."